SOMA ONYO KABLA YA KUBONYEZA

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Hotuba hii imepigwa chapa ili wanafunzi waisome wenyewe baada ya kuisikiliza.

Wanafunzi wapenzi, natumaini mmekwisha kaa, na redio inasikika vizuri mpaka kwa wale walioketi nyuma. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: ONYO, MADOIDO, NAKALA. Wanafunzi, yaandikeni katika madaftari yenu. Leo tutayatumia mara nyingi.

Somo letu linahusu filamu za video, zile zinazotengenezwa kwa kompyuta, zenye maandishi yanayotembea na michoro inayong'aa. Mmeziona katika harusi, katika ubarikio, na katika ibada za kumbukumbu. Tutajifunza jambo moja: fundi anapofungua kazi ya zamani katika kompyuta mpya, akakuta madoido yake hayapo, afanye nini.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi najifunza kusoma. Mambo ya kompyuta yananihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Badala ya kulijibu kwa maneno mengi, nitawasimulia habari ya mwanafunzi mwenzenu.

HABARI YA MAMA WA ITAKA

Kule Itaka, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, yuko mama mmoja ambaye mumewe alifariki mwaka 2014. Mzee yule alikuwa mkulima wa kahawa. Watoto wake walichanga fedha, wakamwita fundi, naye akatengeneza filamu ya kumkumbuka. Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Ndani yake zilikuwamo picha za mzee tangu ujana wake, na sauti yake akiwaeleza wajukuu jinsi ya kupogoa mibuni. Mwishoni cheche ndogo ndogo zilitawanyika kama vimulimuli wa usiku, kisha jina la mzee likatokea, na mwale wa mwanga ukapita juu yake. Wajukuu walipenda sana mahali pale pa vimulimuli.

Siku zile mama hakujua kusoma. Aliitazama filamu mara nyingi, akalia, akafuta machozi. Baadaye alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Alijifunza a, e, i, o, u, akajifunza silabi, akajifunza kuandika jina lake, halafu jina la mumewe.

Jioni moja mwaka 2024, wakati familia inajitayarisha kwa ibada ya kumbukumbu ya miaka kumi, waliiwasha tena ile filamu. Vimulimuli walipita, jina likatokea. Mama akasimama. Akasema, "Hilo si jina la baba yenu. Hapo panatakiwa herufi L, nao wameandika R."

Watu wote walinyamaza. Wengine walikuwa wameliona kosa lile miaka kumi, wakaona haya kulisema. Mama akasema, "Mtu hawezi kukumbukwa kwa jina lisilo lake. Lisahihishwe kabla ya ibada."

Ibada ilikuwa imebaki siku tisa.

FAILI LA MRADI NI NINI?

Sasa tuiache habari ya mama kidogo, tujifunze ufundi wenyewe.

Mafundi wengi wa kazi hii hutumia programu iitwayo After Effects. Programu hii ilitolewa kwanza mwaka 1993 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa CoSA. Tangu mwaka 1994 imekuwa mali ya kampuni ya Adobe.

Fundi anapofanya kazi, anahifadhi vitu viwili tofauti. Kitu cha kwanza ni filamu iliyokamilika, ile mnayoitazama. Hiyo ni kama chakula kilichopikwa: unakula tu. Huwezi kutoa chumvi iliyokwisha kutiwa. Kitu cha pili ni faili la mradi, ambalo mafundi huliita projekti. Ndani yake fundi anaweza kurudi, akabadilisha herufi, akaongeza picha, akapunguza sauti. Kwa hiyo, ikiwa jina limekosewa, mahali pazuri pa kulisahihisha ni katika faili la mradi.

Lakini sikilizeni vizuri. Faili la mradi halibebi kila kitu. Lifananisheni na karatasi ya utaratibu wa sherehe. Karatasi inasema: saa nne, wageni waingie, saa tano, kwaya iimbe, saa sita, ngoma ipigwe. Je, kwaya imo ndani ya karatasi? Haimo. Ngoma imo? Haimo. Karatasi inataja jina tu. Siku ya sherehe mpiga ngoma asipofika, ikifika saa sita patakuwa kimya.

Ndivyo lilivyo faili la mradi. Linasema: hapa weka picha fulani, hapa tumia mwandiko fulani, hapa tia madoido fulani, kwa nguvu kiasi hiki na rangi hii. Picha, mwandiko na madoido vyenyewe vinakaa mahali pengine katika kompyuta.

Madoido, ambayo mafundi huyaita efekti, ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huja pamoja na After Effects yenyewe. Hayo ni kama wenyeji wa nyumba, wako siku zote. Namna ya pili huletwa na programu ndogo za nyongeza, ziitwazo plagini, ambazo hutengenezwa na kampuni nyingine. Hizo ni kama wageni walioalikwa. Ile ya kutawanya cheche katika filamu ya mzee iliitwa Trapcode Particular, ya kampuni ya Red Giant, ambayo mwaka 2020 iliungana na kampuni ya Maxon. Ile ya mwale wa mwanga iliitwa Optical Flares, ya Video Copilot. Mgeni asipowekwa katika kompyuta mpya, jina lake litaitwa lakini hataitika.

(Mwalimu wa darasa: punguza sauti ya redio kwa dakika moja. Waulize wanafunzi: kwa nini tumesema faili la mradi ni kama karatasi ya utaratibu wa sherehe?)

VITU VITATU VINAVYOWEZA KUKOSEKANA

Karibuni tena. Watu huchanganya mambo matatu. Tuyatenganishe.

La kwanza, picha au sauti iliyokosekana. Mahali pake huonekana mistari mipana iliyosimama, yenye rangi mbalimbali. Sababu yake mara nyingi ni kwamba faili la picha limehamishwa au limebadilishwa jina.

La pili, mwandiko uliokosekana. Maneno yanabaki, lakini sura ya herufi inabadilika.

La tatu, ndilo somo letu, madoido yaliyokosekana. Hapa programu hutoa onyo mara tu mradi unapofunguliwa. Onyo hilo ni kidirisha kidogo chenye maneno ya Kiingereza. Neno la kulitafuta ni MISSING. Maana yake ni "imekosekana". Neno linalofuatana nalo ni EFFECTS, yaani madoido. Chini ya maneno hayo yanaorodheshwa majina ya madoido yote ambayo programu imeyaita, nayo hayakuitika. Chini kabisa pana kitufe cha OK.

Sasa, wanafunzi, niambieni: mtu mwenye haraka hufanya nini akiona kidirisha chenye maneno mengi? Anabonyeza OK. Kidirisha kinatoweka, na ile orodha ya majina inatoweka pamoja nacho. Hivyo ndivyo ilivyotokea.

YALIYOMPATA KIJANA FUNDI

Watoto wa yule mama walimpelekea kazi kijana mmoja fundi, kule Vwawa. Mama mwenyewe alikwenda naye. Mikononi alikuwa na flashi ambayo fundi wa kwanza alimwachia mwaka 2014. Flashi ile alikuwa ameifunga katika kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na hati ya shamba.

"Shikamoo, mama," alisema kijana.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kazi ya baba yenu. Lakini usiiguse iliyo humu ndani. Toa nakala, ufanye kazi katika nakala."

Kijana alicheka kidogo, lakini alimtii. Alitoa nakala ya folda nzima akaiweka katika kompyuta yake. Akafungua mradi. Onyo likatokea. Akabonyeza OK.

Picha za mzee zilionekana vizuri. Lakini walipofika mwishoni, skrini yote ikawa nyeusi, kama mtu aliyefunika picha kwa karatasi. Kijana alitafuta, akaona tabaka moja jeusi limelala juu ya mengine. Akasema, "Hii ni takataka imesahaulika," akalifuta. Jina likaonekana. Akabadilisha R ikawa L. Kisha akahifadhi kazi katika toleo jipya la programu, kwa jina lile lile la zamani, juu ya faili lile lile.

Mama akatazama. Akauliza, "Vimulimuli wako wapi?"

Kijana hakujua vimulimuli gani.

Wanafunzi, kijana yule hakuwa mjinga. Kuandika jina alijua, na kompyuta aliijua. Alikosa mambo mawili tu. Hakusoma onyo, na alifuta kitu kabla ya kujua ni cha nini. Lile tabaka jeusi halikuwa takataka. Lilikuwa uwanja ambao cheche zilitakiwa kucheza. Mchezaji alipokosekana, ukaonekana uwanja mtupu.

Kosa lake la tatu lilikuwa kuhifadhi juu ya faili la zamani. Mradi uliohifadhiwa katika toleo jipya haufunguki katika toleo la kale. Programu yenyewe hujaribu kumlinda fundi: ikifungua mradi wa zamani huuita "uliogeuzwa", ikamtaka auhifadhi kwa jina jipya. Kijana alichagua jina la zamani kwa hiari yake.

Lakini flashi ya mama ilikuwa haijaguswa. Walirudi wakatoa nakala ya pili. Safari hii onyo lilipotokea, mama alimshika kijana mkono. Alitoa daftari lake la darasani na kalamu. Kiingereza hakukijua, lakini herufi alizijua. Akanakili majina yote mawili, herufi moja baada ya nyingine, pole pole, mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Sasa bonyeza."

KWA NINI MADOIDO HUKOSEKANA?

Sababu ziko nne. Ziandikeni.

Sababu ya kwanza: plagini haikuwekwa kabisa katika kompyuta hii. Hutokea sana kwa wale wanaopakua violezo vya filamu kutoka intaneti. Kiolezo kimetengenezwa na mtu mwenye plagini nyingi, nawe huna hata moja.

Sababu ya pili: plagini ilikuwapo, lakini programu imebadilishwa toleo. Kila toleo la After Effects lina folda yake ya plagini. Ukiweka toleo jipya, plagini zilizokuwa katika folda ya toleo la kale hazihami zenyewe.

Sababu ya tatu: plagini ni ya kale mno kwa programu mpya. Mpaka mwaka 2008, katika toleo la CS4, programu ilikuwa ya biti 32. Mwaka 2010 toleo la CS5 lilikuja la biti 64 tu, na plagini zote za biti 32 zikaachwa nyuma. Ninyi wa Songwe mtaelewa upesi nikiwaambia habari ya reli. TAZARA inayopita kwenu Tunduma ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Ndiyo maana pale Kidatu mizigo hushushwa katika behewa moja na kupakiwa katika jingine. Plagini ya biti 32 ni behewa zima, halikuvunjika, lakini reli imebadilika.

Sababu ya nne inafanana na hiyo. Mwaka 2020 kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta zenye chipu zake yenyewe, na mwaka 2022 After Effects ilitolewa kwa namna inayofaa chipu hizo. Plagini ambayo haijatengenezwa upya kwa chipu hizo huenda isionekane. Kwa hiyo mtu wa Windows na mtu wa Apple wanaweza kufungua mradi mmoja siku moja, huyu akapata onyo na yule asipate.

Ongezeni na neno moja la faraja. Madoido mengi ya kale ya programu yenyewe hayakutupwa. Yamewekwa katika fungu liitwalo OBSOLETE, maana yake "yaliyopitwa na wakati". Hayo bado yanafanya kazi katika miradi ya zamani.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tufike kwenye kazi. Hatua ni saba.

Hatua ya kwanza. Toa nakala ya folda nzima ya kazi. Ile ya asili iweke mbali.

Hatua ya pili. Fungua nakala. Onyo likitokea, usibonyeze. Andika majina yote katika daftari, au ipige picha skrini kwa simu. Andika kila herufi na kila tarakimu kama ilivyo.

Hatua ya tatu. Usifute kitu. Katika orodha ya madoido utaona jina la lile lililokosekana, limetanguliwa na neno MISSING. Hicho ni kiti cha mgeni. Vipimo vyake vyote, yaani rangi, nguvu na mwendo, vimehifadhiwa pale. Mgeni akifika ataketi, na kazi itarudi. Ukikivunja kiti, atakapofika hatakuwa na mahali.

Hatua ya nne. Tafuta ni sehemu zipi zimeathirika. Katika programu fungua FILE, halafu DEPENDENCIES, halafu FIND MISSING EFFECTS. Zitaonyeshwa sehemu zile tu zenye upungufu. Mara nyingine utagundua kwamba upungufu uko katika sehemu ambayo haitumiki kabisa katika filamu. Basi hapo huna haja ya kuhangaika.

Hatua ya tano. Mtafute mgeni. Muulize aliyetengeneza kazi alitumia plagini gani na toleo gani. Kama unayo kwa haki, iweke upya kwa kisakinishi chake, ukichagua toleo la programu unayoitumia sasa. Kunakili faili kutoka folda ya kale kwenda folda mpya hufaulu mara nyingine, lakini si siku zote. Plagini nyingine hutolewa bure. Ile iitwayo Saber, ya Video Copilot, ni mfano. Nyingine huuzwa. Msizichukue kwa wezi. Plagini ya wizi mara nyingi huja na virusi, na fundi anaweza kupoteza kazi za wateja wote kwa ajili ya cheche za sekunde kumi.

Hatua ya sita. Kama mgeni hapatikani, itafute kompyuta ya kale ambayo bado inaye. Fungua pale ule mradi wa asili, utoe sehemu ile moja tu ikiwa picha iliyokamilika, yenye mandhari ya wazi. Katika mahali pa kutolea picha, mafundi huchagua RGB + ALPHA ili uwazi usipotee. Kisha picha ile huletwa katika kompyuta mpya na kuwekwa mahali pake. Picha iliyokamilika haihitaji plagini.

Hatua ya saba. Hilo nalo likishindikana, weka mwenyeji mahali pa mgeni. Programu yenyewe ina CC Particle World kwa ajili ya cheche, na Lens Flare kwa ajili ya mwale wa mwanga. Havitakuwa sawasawa na vya kwanza. Mwambie mwenye kazi ukweli huo, naye aamue.

MWISHO WA HABARI

Mama na kijana walimpigia simu fundi wa kwanza, ambaye siku hizi anakaa Tunduma. Mama akamsomea majina kutoka katika daftari. Fundi akasema, "Naam, mama, hizo nilikuwa nazo. Kompyuta yenyewe bado ninayo stoo, ina toleo la CS6 la mwaka 2012. Lakini imechoka, ikifanya kazi kidogo inapata moto na kuzimika. Filamu ya dakika kumi na mbili haitaimaliza."

Walipanda basi wakaenda Tunduma na ile flashi. Kompyuta ya kale iliwaka. Faili ambalo kijana alilihifadhi katika toleo jipya halikufunguka, kama tulivyosema. La kwenye flashi lilifunguka, na hapakuwa na onyo lolote. Vimulimuli walikuwapo. Wakatoa zile sekunde kumi za cheche peke yake. Zilipokwisha, wakazinakili upesi. Walipotaka kutoa mwale wa mwanga, kompyuta ikazimika. Waliingoja ipoe, wakaibonyeza tena, haikuwaka.

Walirudi Vwawa na cheche bila mwale. Kijana akaweka cheche mahali pake. Kwa mwale akatumia Lens Flare ya programu yenyewe, akamwonyesha mama. Mama akatazama mara mbili. Akasema, "Mwanga huu si ule. Ule ulikuwa wa manjano zaidi." Kijana akaongeza umanjano. Mama akasema, "Bado si ule, lakini unatosha. Sasa nionyeshe jina."

Jina likatokea. Mama akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka mwisho. Halafu akarudia mara ya pili kwa haraka, kama msomaji.

Siku ya ibada filamu ilionyeshwa. Wajukuu wadogo waliozaliwa baada ya mwaka 2014 waliwaona vimulimuli kwa mara ya kwanza.

JINSI YA KUZUIA TAABU HII

Wanafunzi wapenzi, kuponya ni vizuri, lakini kuzuia ni bora zaidi. Mkitengenezewa filamu yoyote, msikubali kupewa filamu iliyokamilika peke yake. Ombeni vitu vitatu.

Kwanza, filamu iliyokamilika, katika ubora wa juu.

Pili, folda ya mradi pamoja na picha na sauti zote. Programu inayo njia ya kukusanya: FILE, DEPENDENCIES, COLLECT FILES. Njia hiyo hukusanya picha na sauti, tena huandika karatasi ya taarifa inayotaja miandiko na madoido yaliyotumika. Plagini zenyewe haizikusanyi. Kwa hiyo karatasi ile ni ya thamani, msiitupe.

Tatu, zile sehemu zenye plagini za kununua, zikiwa zimetolewa kama picha zilizokamilika. Fundi wa Tunduma angefanya hivyo mwaka 2014, mwaka 2024 kusingekuwa na safari ya Tunduma.

Tena wekeni nakala mbili, katika mahali pawili. Flashi moja ndani ya sanduku ni nzuri. Flashi mbili katika nyumba mbili ni bora, maana nyumba mbili haziungui usiku mmoja.

Na neno la mwisho ni hili. Kazi ile haikuokolewa na mtu mwenye elimu kubwa. Iliokolewa na mtu aliyesoma pole pole na kuandika alichosoma. Onyo huandikwa lisomwe. Likiwa kwenye chupa ya dawa ya kunyunyizia mibuni, kwenye karatasi ya mkopo, au kwenye skrini ya kompyuta, kanuni ni moja: soma kwanza, andika, ndipo ubonyeze.

MANENO YA KUJIFUNZA

Onyo: maneno ya kumtahadharisha mtu kabla ya hatari.
Madoido: mapambo au mabadiliko yanayotiwa katika picha, efekti.
Nakala: kitu kilichotolewa kufanana na kile cha asili.
Plagini: programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu kubwa.
Toleo: programu au kitabu kama kilivyotolewa wakati fulani.
Kisakinishi: programu inayoweka programu nyingine katika kompyuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mama alimkataza kijana asiguse kazi iliyokuwa katika flashi?
2. Lile tabaka jeusi lilikuwa la nini? Kijana angefanya nini kabla ya kulifuta?
3. Taja sababu nne zinazofanya madoido yakosekane.
4. Kwa nini faili lililohifadhiwa Vwawa halikufunguka Tunduma?
5. Je, mama alifanya vizuri kukubali mwale wa mwanga usio sawa na ule wa kwanza? Toeni maoni yenu.

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta onyo moja lililoandikwa nyumbani kwako, kwenye chupa, gunia au simu. Linakili katika daftari, herufi kwa herufi, hata kama limeandikwa kwa lugha usiyoijua. Uje nalo darasani, na mwalimu atawasaidia kulielewa.

Wasalimuni nyumbani. Kwa herini.